Vumbi la Kilosa kwenye reli ya milimita 12

Kinachoifanya treni ndogo ya mfano ionekane ya kuchezea mara nyingi si treni yenyewe, ni reli. Inatoka kwenye boksi iking'aa juu hadi chini, imelala juu ya mataruma, zile pau za kukalia reli, ya plastiki meusi yasiyo na vumbi hata chembe. Weka juu yake kichwa cha treni cha bei ya bodaboda iliyotumika, kilichochongwa mpaka boliti ya mwisho, na bado jicho litauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Reli halisi inang'aa juu tu, pale magurudumu yanapokanyaga. Ubavuni ni kutu, oili, vumbi la ardhi na unga wa breki uliogandana kwa miaka.

Mimi ni fundi maandishi hapa Morogoro. Naandika mabango ya maduka, majina ya shule, misemo ya nyuma ya malori. Rangi nazijua, ila reli ndogo za mfano niliziona kwanza kwa binamu yangu anayeishi Ujerumani, ambako watu wazima na heshima zao hujifungia vyumbani kuchezea udongo na gundi bila mtu kuwashangaa. Ndiye aliyeniletea vipande vya kwanza vya reli, vilivyokwishatumika, vya upana wa milimita 12. Wenye fani huviita H0m, na vinatengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, ambazo nyingi hupita kwenye reli ya mita moja. Reli yetu ya Kati nayo ni ya mita moja. Kwenye kipimo hiki kila kitu hupunguzwa mara 87: gawanya milimita 1,000 kwa 87, unapata 11.5. Kwa hiyo reli ya Mswisi na reli ya kwenda Kigoma, zikipunguzwa mara 87, zinakaa kwenye kipimo kimoja, na ile nusu milimita inayozidi hakuna anayeiona.

Ubao wangu ni plaiwudi ya urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 45, umekaa juu ya rafu ya ukutani. Ukizidisha urefu huo kwa 87 unapata kama mita 209 za nchi kavu. Stesheni ya Kilosa, na njia zake za kupishania na tawi la Kidatu linalochepukia hapo, haiingii kwenye mita 209 hata uibembeleze. Nikachagua kipande cha mbele ya Kilosa, kwenye bonde la Mukondoa, ambako reli inapanda kuelekea Gulwe ikiwa na mto upande mmoja na mlima upande mwingine. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Bonde hili ndilo lililowapa mlango wa kupita kati ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na reli imekuwa ikiulipa mto ule kodi tangu hapo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi.

Kabla sijakata chochote nilimwita jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya genge. Genge ni lile kundi la wafanyakazi waliokabidhiwa kipande chao cha njia wakitunze: kukaza boliti, kushindilia kokoto, kufyeka majani. Kwenye ubao kulikuwa na mistari ya penseli tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo njia yenyewe?"

"Ndiyo mzee. Huku mto, huku mlima."

Akaitazama, kisha akaweka kidole upande wa mlimani. "Maji ya hapa yanapita wapi?"

Nikamwambia hii itakaa ndani, haitanyeshewa. "Sikuulizi ubao," akasema. "Nakuuliza mlima."

Akanieleza. Maji yakishuka mlimani lazima yakute mtaro ubavuni mwa reli. Mtaro unayapeleka kwenye kalvati, kalvati inayapitisha chini ya tuta, yanaingia mtoni. Mtaro ukiziba, maji yanaingia kwenye kokoto. Kokoto zikishakula tope, mataruma yanaanza kucheza, na kila treni ikipita tope jepesi linarushwa juu, linakauka hapo hapo na kuacha madoa yaliyopauka katikati ya njia. "Ukiona doa lile, jua genge limelala, au limechoka," akasema, na sikumuuliza lake lilikuwa la aina gani.

Swali lake likanipangia kazi nzima. Mtaro niliuchonga kabla ya mlima. Kalvati ikafuata, kisha tuta, na reli ikaja baadaye. Milima niliitengeneza kwa yale mapande meupe mepesi yanayokuja yamezunguka friji kwenye boksi. Nayakata kwa kisu kirefu, nayabandika kwa gundi nyeupe ya mbao (gundi za dukani zenye tina huyayeyusha), halafu nafunika kwa vipande vya shuka kuukuu vilivyochovywa kwenye jipsamu ya dari. Jipsamu inaganda haraka, kwa hiyo koroga kidogo kidogo. Sehemu hii haina siri nyingine.

Siri iko kwenye rangi ya reli.

Video nyingi za kazi hii zinafundisha reli ya Uingereza: mataruma ya mbao ya kahawia yaliyopauka kuwa kijivu, na ukungu wa kijani pembeni. Huko kazi ya mpaka rangi ni kulitenganisha chuma na mti. Kwetu sivyo. Reli ya Kati ilitandikwa juu ya mataruma ya chuma, kwa sababu mbao katika nchi hii ni chakula cha mchwa. Taruma la chuma ni bamba lililokunjwa, tumbo likitazama chini, ncha zake zimezama kwenye kokoto. Kinachoonekana ni mgongo tu. Reli na taruma vinashika kutu pamoja na kupauka pamoja, na tofauti yao ni ndogo sana. Aliyezoea picha za Ulaya ataona nimepaka kivivu.

Mataruma ya plastiki yaliyokuja na reli yangu yalichongwa mistari ya mbao juu, nikaifuta kwa msasa laini. Kisha nikaunganisha nyaya zote na kuendesha treni kwanza kwenye reli isiyopakwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni rahisi kulipuuza: umeme wa volti 12 unapita kwenye reli na kuingia kwa magurudumu, na rangi ni kizuizi cha umeme. Treni ikigoma baada ya kupaka, utajua tatizo ni rangi, hutabaki ukikisia kama ni waya. Pale njia inapogawanyika, wenyewe wanapaita pointi, kuna ulimi wa chuma unaosogea na kugusana na reli ya pembeni ili kupitisha umeme. Sehemu hizo nazifunika kwa masking tepu ya wapaka magari na siziondolei mpaka kila kitu kikauke.

Rangi ya chini ni redoksaidi ya kupuliza, ile ya maduka ya rangi za magari. Nafuta reli kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole, natoka nje, navaa barakoa, napuliza kwa mikupuo miepesi kutoka pande zote mbili. Reli na mataruma vinapata rangi moja kwa pamoja, jambo ambalo mwenye mataruma ya mbao hawezi kujiruhusu. Kabla haijakauka kabisa napitisha kitambaa chenye tina, kilichozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa, juu ya uso wa reli. Mbao bapa ndiyo muhimu. Kidole kikishika kitambaa peke yake kinateremka pembeni na kufuta ubavu pia.

Redoksaidi ikibaki hivyo ni nyekundu mno, ni kutu ya chuma kilichotupwa uani mvua mbili zilizopita. Juu yake napaka rangi ya maji iliyozimuliwa sana, mchanganyiko wa nyeusi kidogo, njano ya udongo na kijivu, naiacha itiririke yenyewe kwenye maungio. Ikikauka naongeza tena, safari hii nyepesi zaidi. Nyeusi tupu siitumii popote kwenye ubao huu. Hapa kazi yangu ya kila siku ilinipa shida ya kipekee, maana bango linatakiwa kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, na mkono wangu umezoea rangi zinazopiga kelele. Kitu kilichopunguzwa mara 87 kinatazamwa kama kilicho mbali, na vitu vya mbali vina rangi iliyofifia. Kahawia ya kweli, iliyolinganishwa na kipande halisi cha reli, ikiwekwa kwenye mfano inaonekana nzito kuliko ilivyo. Kila rangi ninayochanganya naiongezea kijivu chepesi mpaka nione haya, ndipo inakaa sawa.

Baada ya hapo ni kutazama nani anapita wapi. Njia kuu ina ubavu wa kahawia iliyokolea, kwa unga wa breki, na uso unaong'aa. Njia ya kupishania, isiyotumika sana, ni ya rangi ya chungwa zaidi, na kwa haki ingekuwa na kutu hadi juu. Umeme haukubali hilo, basi nimepaka ukingo wa nje wa uso wake tu, na mwanga ukiingia kwa pembeni jicho linadanganyika. Pale kichwa cha treni husimama kusubiri, katikati ya njia pana weusi wa oili, nimeupaka kwa rangi yenye mng'ao kidogo. Mabehewa ya zamani pia vyoo vyao humwaga moja kwa moja njiani. Mzee aliniuliza kama nitaonyesha na hilo. Nikamwambia kipimo cha 1:87 kina mipaka yake.

Jambo jingine: reli yangu ina kimo cha milimita 1.9. Zidisha kwa 87, ni zaidi ya sentimita 16, ndefu kuliko reli za zamani za njia hii. Kuibadilisha ni gharama. Nilichofanya ni kuipaka theluthi ya chini rangi ya udongo ule ule wa kandokando na kuleta kokoto hadi kwenye kitako chake. Kimo kinaonekana kupungua bila kukata chuma.

Kokoto zenyewe nazipata bure. Kokoto halisi ya sentimita tatu hadi tano inakuwa chini ya milimita moja kwenye mfano, na saizi hiyo ni vumbi la kokoto wanalochanganyia wafyatua matofali ya saruji. Nalichekecha mara mbili: linalopita kwenye kichujio cha chai naliweka, kisha nalipitisha kwenye soksi ndefu ya nailoni, na linalopita hapo nalitupa. Katikati inabaki chenga sawasawa. Naikaanga kwenye sufuria kuukuu ikauke na wadudu wafe, halafu napitisha sumaku. Usiruke sumaku. Mchanga na mawe yetu yana chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku yake ndani. Chembe zikipanda humo zinaisaga.

Kutandaza ni kazi ya subira. Kijiko cha chai, brashi laini, na vidole vinavyogonga reli taratibu ili chenga zishuke kutoka kwenye mataruma. Maji ya kawaida yakidondoshwa juu yake yanakuwa matone na kuzihamisha, hivyo kwanza nanyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka kokoto zote zilowe, kisha nadondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Inafuata maji yenyewe hadi chini. Karibu na ulimi wa pointi naweka gundi kwa ncha ya njiti na kusogeza ulimi kila baada ya muda. Naacha hadi kesho yake bila kugusa.

Yale madoa ya tope aliyoyasema mzee yapo mawili, mbele kidogo ya kalvati, upande ambao mtaro nimeuziba makusudi kwa udongo na matawi. Ni jipsamu iliyochanganywa na rangi ya udongo mwepesi, imedondoshwa kati ya mataruma matatu manne na kurushwa kidogo kwa brashi ngumu kwenye ubavu wa reli. Wageni hawayaoni. Yeye aliyaona kabla hajakaa.

Udongo wa mandhari niliufuata Kilosa kwa mfuko: mwekundu wa kahawia kutoka ukingo wa barabara, na wa kijivu kutoka mtoni. Gundi inaufanya ukolee na haurudi kamwe kwenye rangi yake ya kavu. Dawa niliyoipata ni kuutumia kama tabaka la chini, kisha kupepeta juu yake udongo ule ule mkavu, laini kabisa, uliochanganywa na chokaa kidogo, na kuugandisha kwa unyunyu mwepesi sana. Tabaka hilo la juu ndilo linaloleta jua.

Nimechagua mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli. Mto uko chini, mchanga umejitokeza, majani yamekauka. Wauzaji wa Ulaya wana nyasi za kila namna ya kijani, na sikununua hata pakiti moja. Morogoro tuna katani. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba ya huku Kimamba na Kilosa yalikua yakiipakia reli hii hii. Nyuzi za kamba ya katani, zikikatwa milimita tano na kusimamishwa kwenye gundi kwa koleo, ni majani makavu ya kimo cha nusu mita, tayari na rangi yake. Kuzisimamisha kunachosha mgongo. Kando ya njia nimeacha vipande vilivyoungua, kwa sababu majani ya kandokando mwezi huo huchomwa au hujichomea: nyuzi nimezikata fupi kabisa na kuzigusa kwa masizi. Mlimani majani ni machache na mafupi. Yanarefuka yakikaribia mtaro, na mdomoni mwa kalvati pekee kuna kijani kibichi. Chini, mtoni, ni matete, yaliyotokana na fagio laini la ndani la nyumbani kwangu. Mke wangu aliligundua upungufu kabla sijalikamilisha bonde.

Miti ni waya wa shaba uliosokotwa kutoka nyaya kuukuu, umefunikwa kwa gundi na jipsamu, na majani ni dodoki lililochambuliwa, likachovywa rangi na kunyunyiziwa unga wa mbao. Mwembe ukitengenezwa kwa kimo chake cha kweli, tuseme mita 12, unafika sentimita 14 na kuimeza treni. Wengi huupunguza. Mimi nimeuacha mmoja kimo kamili pembeni kabisa mwa ubao, na treni ikipita chini yake ndipo inapata uzito. Mto umepakwa rangi ya chai ya maziwa katikati, ikififia kuwa mchanga pembeni, na juu yake vanishi inayong'aa, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine. Ukiimwaga nene kwa mara moja inakunjamana.

Milima ya nyuma, Ukaguru kulia na Rubeho kushoto kwa anayetazama magharibi, niliichora ukutani kwa saa chache tu. Hiyo kwangu ni kazi ya bango. Buluu ya kijivu, kila safu hafifu kuliko ya mbele yake, na hakuna mstari mkali.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikutengeneza SGR, reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zinapita Kilosa hiyo hiyo tangu 2024. Ina mataruma ya zege na kokoto nyeupe safi, na upana wake wa milimita 1,435, ukipunguzwa mara 87, ndio ule ule wa reli za H0, ndugu pana wa H0m, zinazouzwa kila mahali, kwa hiyo kila kitu kingepatikana dukani. Labda kijana mwingine ataifanya. Kwa mpaka rangi bado haina mengi, inahitaji kwanza miaka michache ya vumbi.

Na vumbi la nyumbani nalo ni kero ya peke yake. Morogoro wakati wa kiangazi linaingia kupitia wavu wa dirisha, na chembe yake moja kwenye kipimo hiki ni jiwe. Nafunika ubao kwa karatasi ya nailoni, nasafisha mandhari kwa brashi pana ya manyoya, na kabla ya kuendesha napitisha ufutio wa penseli juu ya reli, kwani weusi unaojikusanya pale unakata umeme kuliko rangi yenyewe.

Bado sijaweka mawe ya kilomita. Mzee anataka namba iwe ya kweli, na anasema ya hapo anaikumbuka. Mimi naona kwa kalvati na kona niliyoiweka, tuko mbele kidogo ya anapoparudia kupasema. Tumekubaliana twende Kilosa pamoja mvua zikipita.